Kasri na Simulizi: Kuisoma Beit al-Sahel kutoka Mulot

Aghalabu makumbusho huchukuliwa kuwa ghala la vitu vya kale. Makala haya yanapendekeza yasomwe kama matini: yana msimulizi, yana mpangilio wa visa, na yana mambo yaliyonyamaziwa. Mfano wetu ni Beit al-Sahel, kasri la masultani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994. Tunalitazama tukiwa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, katika nchi ya Wakipsigisi ambao hawakuwa na mfalme wala kasri. Umbali huo una faida yake, kwani unatulazimu kuuliza namna kumbukumbu inavyodumu mahali pasipo na kuta za kuihifadhi.

Kasri la awali lilijengwa katika enzi ya Seyyid Said, nusu ya kwanza ya karne ya 19. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kutwaa kiti bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao zililipiga eneo la kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Jengo lililotengenezwa baadaye lilikuwa makao ya sultani hadi Mapinduzi ya 12 Januari 1964, kisha likawa mali ya serikali mpya.

Makumbusho yalipofunguliwa, maonyesho yalipangwa kwa enzi. Chini palikuwa na ukuaji wa usultani na mikataba ya biashara na Marekani (1833), Uingereza (1839) na Ufaransa (1844). Juu, vyumba na samani za Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Mgeni alipanda ngazi, na wakati ukapanda pamoja naye. Huu ni usimulizi wa watawala: kisa hubadilika anapobadilika mwenye kiti.

Katika mfululizo huo wa wanaume, chumba kimoja kilitengewa mwanamke, Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1844. Alitoroka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani akitumia jina la Emily Ruete. Binti za Seyyid Said walikuwa wengi. Yeye alipata chumba kwa sababu aliandika kitabu. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuendelea mbele zaidi. Salme, ambaye mama yake alikuwa suria Mcherkesi, aliutetea utumwa wa Waarabu katika kitabu hichohicho. Hivyo sauti iliyopewa chumba iliwasemea pia wasiokuwa nacho, na haikuwasemea kwa haki. Watumwa waliofua, waliopika na kubeba maji katika kasri hawakuacha kitabu.

Hapa ndipo nchi ya chai inapohusika. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa orkoiik, kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ardhi nyingi ya Wakipsigisi ilikuwa imekwisha kutwaliwa na walowezi na makampuni ya chai. Waliohamishwa hawakuacha ghorofa za kupandwa na wageni. Waliacha masimulizi, nyimbo na majina ya mahali. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigisi na Talai waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tangu hapo simulizi ya mzee haiwezi kuhesabiwa kuwa pambo la utamaduni tu, inadai haki.

Hoja yetu basi si kwamba Mulot ijengewe kasri. Ni kwamba idara zetu za fasihi zikikusanya masimulizi haya, ziyahifadhi pamoja na jina la msimulizi, lugha yake na mazingira ya usimulizi wake, wala zisiyafupishe yawe muhtasari wa mtafiti. Tukifanya kinyume, tutakuwa tumejenga Beit al-Sahel nyingine ya karatasi, yenye vyumba vya wachache na ukimya wa walio wengi.