Kutoka gari la sinema hadi projekta: historia fupi ya picha ukutani, Eastlands



Juma lililopita kijana mmoja wa ploti yetu alinibishia mlango akiwa amekumbatia kisanduku kipya. Alikuwa amenunua projekta. Ndogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja, ina tundu la HDMI na la flashi, na ubavuni mwa kisanduku wameandika lumeni 9,000. Alikuwa amewaalika wenzake kutazama mpira, akaielekeza kwenye ukuta wa nyuma ya ploti saa kumi na mbili na nusu jioni, na ukuta ukabaki ukuta.

"Mzee, hii imekufa?" (Ndivyo wanavyoniita siku hizi. Nimeshazoea.)

Haikuwa imekufa. Nilimwambia tungoje giza, na tulipokuwa tukingoja nikaanza kumsimulia habari za gari la sinema. Akanitazama kana kwamba nasimulia habari za dinosaria. Amezaliwa hapa hapa Eastlands, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba picha zilikuwa zikiangazwa katika viwanja hivi kabla hata babake hajazaliwa. Mimi ni mtu wa programu, si mwanahistoria, lakini naona tukiendelea kunyamaza habari hizi zitapotea. Kwa hiyo leo nawaandikia yale niliyomwambia, na mengine ambayo sikupata nafasi ya kumwambia.

Tuanzie mbali kidogo na Nairobi. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, Bantu Educational Kinema Experiment. Ulidumu hadi 1937, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Filamu zilikuwa za milimita 16, juu ya kilimo, magonjwa, hata akiba ya posta, na zilitembezwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Kinachonivutia mimi ni jinsi walivyotatua suala la sauti. Maneno hayakuwa kwenye filamu bali kwenye sahani za santuri. Picha ile ile ingeweza kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule: unabadilisha sahani tu. Sisi waandishi wa programu tunajidai kwamba tuliivumbua kanuni ya kutenganisha maneno na kazi yenyewe!

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, iliyoendelea hadi 1955. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi Nigeria, na aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha za polepole zisizorukaruka, la sivyo atapotea. (Jamani.) Lakini mfumo wa kazi uliokuzwa wakati huo ulidumu kuliko nadharia yake: gari lenye jenereta, projekta ya milimita 16, kitambaa cheupe, vipaza sauti, na mtu wa kueleza. Huyo wa mwisho nawaomba mmkumbuke. Alisimama na maikrofoni akiwaeleza watu kwa lugha yao kile wanachokiona, na kwa kweli ndiye aliyeiamulia picha maana yake. Kenya ilipoingia katika hali ya hatari mwaka 1952, magari hayo hayo yalitumika kusambaza maneno ya serikali dhidi ya Mau Mau.

Baada ya uhuru magari hayakwenda kwao. Wizara ya habari iliendelea nayo, na makampuni ya sabuni na dawa ya meno nayo yakaona faida. Hilo ndilo gari la sinema nililolikuta mimi nikiwa mtoto miaka ya 1980. Mchana lilipita mtaani likitangaza kwa kipaza sauti, na kuanzia hapo hakuna mtoto aliyefanya kazi ya maana nyumbani. Jioni tulikaa uwanjani chini kabisa, mbele ya kitambaa, tukila vumbi. Ukichelewa ulikaa upande wa nyuma wa kitambaa na kusoma herufi kinyumenyume. Reli kubwa ya futi 1,600 ilidumu kama dakika 45, kisha ikaja ile dakika ya giza ya kubadilisha, na hapo ndipo tangazo la sabuni lilipopata nafasi yake.

Hakuna aliyetuuliza tunataka kutazama nini, na kwa mtambo ule swali lenyewe lisingekuwa na maana. Reli ilikuwa ya mwenye gari. Hata kama mtaa mzima ungechanga ununue projekta ya milimita 16, ungeiwekea nini? Kupiga filamu kulihitaji kamera, maabara ya kusafishia na fedha. Na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1962, Sura ya 222, ilitaka leseni kwa anayepiga filamu ya kuonyeshwa hadharani.

Vibanda vya video sitavikalia sana, kwa sababu kila mwenye umri wangu anavijua: televisheni ya inchi 21, deki ya VHS, mabenchi, Bruce Lee. Vilituruhusu kuchagua kanda, lakini picha ilirudi kuwa ndogo. Na yule mtu wa maikrofoni alirudi pia, safari hii akiwa wetu. Sauti ya DJ Afro ikisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha Nairobi ni kazi ile ile ya mtu wa gari la sinema, ila sasa hakuna ofisi iliyomwandikia la kusema.

Sasa mtambo wenyewe. Epson ilianza kuuza projekta ya kioo cha LCD, VPJ-700, mwaka 1989. Miaka miwili kabla yake, 1987, Larry Hornbeck wa Texas Instruments alikuwa amevumbua kipande cha silikoni kilichojaa vioo vidogo mno, kila kioo kikiwa nukta moja ya picha, kikiinama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Projekta za kwanza za aina hiyo, DLP, ziliingia sokoni 1996. Tofauti na gari la sinema ni kwamba hakuna reli. Mtambo hauulizi picha imetoka wapi. Unaupa waya wa VGA wenye pini 15, na chochote kilicho kwenye kompyuta kinakuwa ukutani.

Nairobi projekta hizi zilianza kwa kuishi hotelini na kwenye vyumba vya semina, zikionyesha vidokezo vya PowerPoint. Zilifika mitaani kupitia mlango wa nyuma: Jumamosi, mtu anapoazima ya ofisini na kuahidi kuirudisha Jumatatu asubuhi kabla mkubwa hajafika. Mwaka 2007 mtu huyo alikuwa mimi.

Vijana wa mtaa walikuwa wamepiga filamu yao kwa kamera ndogo ya kanda, dakika 20, na tukapewa ukumbi wa jamii. Watu walijaa. Nikawasha, nikabonyeza Fn na F5, kompyuta yangu ya Windows XP ikatokea ukutani na ukumbi ukapiga makofi. Nikafungua filamu. Kwenye kompyuta inacheza vizuri, ukutani kuna mraba mweusi. Makofi yakageuka miluzi.

Wengi wenu mliwahi kukutana na mraba huo bila kujua sababu. Kadi za picha za wakati ule zilikuwa na njia ya mkato ya kuchora video: programu ilipaka rangi moja mahali pa video, na kadi ikaibandika video juu ya rangi hiyo wakati wa kutoa picha. Kadi nyingi ziliweza kubandika kwenye kioo kimoja tu. Kioo cha pili kilipata rangi tupu. Dawa ilikuwa kuzima njia hiyo ya mkato katika mipangilio ya kichezeo, au kuifanya projekta kuwa kioo cha kwanza. Mimi niliijua dawa hiyo Jumatatu. Jumamosi ile niliokoka kwa kuzima kioo cha kompyuta na kuacha projekta peke yake. Sauti nayo haipiti kwenye VGA, kwa hiyo tuliipeleka kwa waya mwingine hadi kwenye redio kubwa ya jirani.

Filamu ilionekana kwa dakika kumi na moja. Kisha stima ikapotea.

Projekta ya balbu haipendi hilo kabisa. Ndani ya balbu ya zebaki shinikizo hufika angahewa 200 hivi ikiwa moto, na ndiyo maana projekta inazungusha feni kwa muda hata baada ya kuzimwa. Stima ikikatika ghafla feni inasimama na joto linabaki ndani. Stima iliporudi nilibonyeza, ikakataa, kwa sababu balbu ya moto haiwaki mpaka ipoe. Nikabonyeza tena. Na tena. Ningengoja dakika kumi pengine ingewaka. Sikungoja, nilikuwa na watu mia wakinitazama. Taa nyekundu ikawaka pembeni, na balbu haikurudi tena siku hiyo wala siku nyingine. Bei ya balbu mpya ilikaribia mshahara wangu wa mwezi. Niliilipa kwa awamu, na wale vijana hawakuniomba projekta tena. Mpaka leo hawajaiona filamu yao ikifika mwisho mbele ya watu wao.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba reli ilikuwa imeondoka lakini mwenye gari bado yuko. Sasa aliitwa balbu. Saa 2,000 za mwanga, na anayeweza kuzilipia ndiye anayeamua nini kionyeshwe.

Wengine walifaulu kuliko mimi. Miaka hiyo hiyo kikundi cha Slum-TV kilikuwa kimeanza Mathare. Vijana walijifunza kupiga na kuhariri habari fupi za maisha ya mtaa wao, kisha wakaziangaza hadharani hapo hapo Mathare, mbele ya watu walio ndani ya picha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Mathare iliumia vibaya, na kamera hizo zilikuwepo. Fikirieni tofauti yake na taarifa ya televisheni: anayetazama ukutani anaijua nyumba ile, anamjua mtu yule, na anaweza kusimama na kusema "hapana, haikuwa hivyo". Tangu 2011 kukawa pia na Slum Film Festival, iliyoleta maonyesho Mathare na Kibera. Sellers angeshangaa kuona picha zinarukaruka na hakuna aliyepotea.

Nirudi kwa kijana wangu na lumeni zake 9,000. Kipimo cha kuaminika ni lumeni za ANSI, kilichowekwa mwaka 1992: unapima mwanga sehemu tisa za picha na kutoa wastani. Namba za kwenye visanduku vya bei nafuu mara nyingi hazina ANSI mbele yake. Kwa jicho langu mtambo wake haukuzidi 200. Alikuwa ameutandaza kwenye ukuta upana wa mita 4, yaani mita 9 za mraba, kwa hiyo kila mita ilipata kama lux 22. Jua linapotua tu, mwanga wa nje bado ni mamia ya lux. Alikuwa anashindana na mbingu.

Tulipunguza picha hadi upana wa mita 2. Eneo linakuwa robo, na mwanga unakuwa mara nne. Tukatundika shuka jeupe. Nikamkataza kuinamisha projekta na kunyoosha picha kwa menyu, kwa sababu marekebisho hayo hutupa nukta za picha. Afadhali uinue meza.

Ikabaki mulika mwizi. Kwa walio mbali: ni ile milingoti mirefu ya taa iliyosimamishwa katika mitaa yetu kuanzia miaka ya 2000. Mimi siwezi kuilalamikia, maana kina mama wengi wanatembea usiku kwa sababu yake. Lakini inaua picha. Kila anayeonyesha filamu nje Eastlands lazima achague: chini ya taa watu wapo salama na hawaoni kitu, gizani wanaona vizuri na mzazi hamruhusu binti yake aje. Siku hizi reli haina shida, balbu haina shida. Tunachotafuta ni giza ambalo watu hawaliogopi. Sisi tulipata kona ambapo ukuta unaipa taa mgongo, na mama mwenye duka akakubali kuacha mlango wake wazi ili watoto wawe machoni pake.

Saa moja na nusu picha ilikuwa safi. Saa mbili na robo, stima ikapotea. Kijana akashika kichwa, na nakiri hata mimi moyo ulidunda, mkono ukaenda wenyewe kumzuia asibonyeze. Kisha nikakumbuka kwamba ndani yake hakuna balbu ya zebaki, ni LED tu. Tuliketi gizani kama dakika ishirini. Hakuna mtoto aliyeondoka. Stima iliporudi akabonyeza mara moja, na kabla hajaondoa kidole, shuka likawaka.