Maswali ya Ngong Road: kampuni changa za Nairobi, 2005 hadi 2024

Oktoba 2005, maduka manane ya mawakala katika Nairobi na Thika yalianza kupokea na kutoa fedha kwa njia ya simu. Safaricom na Vodafone ya Uingereza, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walikuwa wakijaribu jambo moja finyu: kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, kulipa mikopo yao bila kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Walioandikishwa hawakufika 500. Haukupita muda, watu hao wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwamo katika mpango. Mtu alimlipia mwenzake, kisha akarudishiwa. Wafanyabiashara walilipana madeni wao kwa wao. Msafiri aliweka fedha asubuhi kwa wakala mmoja na kuzitoa kwa mwingine alikofika, asije akaporwa njiani. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando. Ilibaki ahadi fupi ya kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, waliojisajili walikuwa wamepita milioni moja.

M-Pesa haikuwa kampuni changa, maana ilizaliwa ndani ya kampuni mbili kubwa. Hata hivyo historia ya kampuni changa za Nairobi haielezeki bila jaribio lile. Liliacha njia ya malipo ambayo wengine wangepitia, na liliacha swali ambalo kila mwanzilishi aliyefuata alilazimika kulijibu: ashike wazo alilokuja nalo, au afuate kile anachokiona mteja akikifanya? Swali hilo linaonekana jepesi kwa sababu jibu lake linajulikana. Ugumu wake ulijitokeza pale mwanzilishi alipokuwa na mtu mwingine wa kumtazama mbali na mteja, yaani mwenye fedha.

Katika miaka michache iliyofuata mazingira yalibadilika haraka. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilizaa Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za raia kuhusu machafuko. Waanzilishi wake walikuwa Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia. Juni 2009 kebo ya chini ya bahari ya TEAMS iliwasili Mombasa, na mwezi uliofuata ikaanza kazi ile ya Seacom. Hadi wakati huo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, kwa gharama iliyomlemea hata mwenye ofisi. Machi 2010 iHub ilifunguliwa kwenye ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua Centre, kando ya Ngong Road, chini ya uongozi wa Hersman na kwa ruzuku ya mashirika kutoka nje. Palikuwa na meza, intaneti ya kasi, kahawa na watu. Kijana aliyekuwa akiandika programu peke yake chumbani alipata mahali pa kukutana na mwenziwe, na huenda hicho ndicho kilichokuwa kitu adimu kuliko vyote.

Waliokusanyika hapo hawakuwa wa kwanza katika kazi hii. Cellulant, iliyoasisiwa na Ken Njoroge wa Kenya na Bolaji Akinboro wa Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilianza kwa kuuza milio ya simu na muziki, kisha ikahamia kwenye malipo ya benki na simu. Mwaka 2018 ilipata dola milioni 47.5 kutoka kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na mfuko wa TPG wa Marekani. Milio ya simu ilikuwa biashara halisi yenye wateja wanaolipa. Kuiacha kwa ajili ya kitu kikubwa zaidi kulihitaji ujasiri ambao hauonekani ukitazama tarakimu za mwisho tu.

Lakini katika Ngong Road ya mwaka 2010 na 2011, fedha ya kwanza kumfikia mwanzilishi mara nyingi haikutoka kwa mteja. Ilitoka kwenye shindano. Kulikuwa na Apps4Africa, ambalo mwaka 2010 liliipa ushindi iCow, huduma ya ujumbe mfupi kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kulikuwa na IPO48, iliyowafungia washiriki kwa saa 48 watoke na kitu kinachofanya kazi. Mwaka huohuo mshindi wake alikuwa M-Farm, iliyoanzishwa na wanawake watatu, ambao waliondoka na shilingi milioni moja. Mwaka 2011 maabara ya m:lab East Africa, iliyokuwa jengo moja na iHub, ilianzisha Pivot25, ambapo vikundi 25 vilipanda jukwaani kunadi mawazo yao.

Mashindano hayo yaliwafaa watu ambao hakuna benki ingewasikiliza. Mwanzilishi asiye na shamba la kuweka rehani wala mjomba mwenye nafasi alipata fedha bila kutoa hisa hata moja. Gharama yake ilijificha kwingine. Majaji walitaka kusikia tatizo kubwa la kijamii, likielezwa kwa Kiingereza fasaha kwa dakika chache. Mkulima alitaka mtu wa kununua nyanya zake kabla hazijaoza. M-Farm iliutambua mvutano huo mapema. Ilianza kwa kumjulisha mkulima bei ya sokoni kwa ujumbe mfupi, ili dalali asimpunje. Lakini bei peke yake haibebi gunia. Mkulima aliyeijua bei ya mjini na hana mnunuzi mwingine alibaki mikononi mwa dalali yuleyule, kwa hiyo huduma ikasogea kwenye kuwaunganisha wakulima na wanunuzi. Kazi ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, maana ilihitaji mizani, magari na uaminifu wa pande mbili, vitu ambavyo havijengwi kwa saa 48.

Wengine walijilipia wenyewe. Mchana walitengeneza tovuti za mashirika yasiyo ya kiserikali au walikuwa waajiriwa, usiku wakashughulikia kitu chao. Njia hii iliwaachia umiliki wote, ila iliwagawa. Kazi ya mteja wa tovuti ilikuwa na tarehe ya kukabidhi na hundi mwishoni. Kitu chao hakikuwa na lolote kati ya hayo mawili, na kilisogezwa mbele kila wiki. Lini aache mshahara? Kwa mtu anayemlipia mdogo wake karo, swali hilo halikuwa lake peke yake.

Suala la ushirika lilikuja na ugumu wake. Kenya ilikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kuchanga fedha, kutoka harambee hadi chama cha akiba, na marafiki watatu walioanza kampuni walielekea kugawana sawa kwa sawa, kwa neno la mdomo. Mgawo huo ulifaa mpaka mmoja alipopata kazi nzuri au nafasi ya kusoma nje, akaondoka na theluthi yake ya kampuni ambayo wenzake wangeihangaikia kwa miaka. Dawa iliyoenea ilitoka California: hisa za mwanzilishi huiva polepole, kwa kawaida kwa miaka minne, na anayeondoka kabla mwaka wa kwanza haujaisha hapati kitu. Wengi waliiona kanuni hiyo kama dalili ya kutoaminiana. Kwa kweli iliulinda urafiki, kwa kuwa ililitoa jambo zito vinywani mwa marafiki na kuliweka kwenye karatasi wakiwa bado wanapendana.

Karatasi hizo ziandikishwe wapi? Wawekezaji wa Marekani walizoea sheria za jimbo la Delaware, na wengi wao walitaka kampuni mama iwe huko, ile ya Nairobi ikibaki kampuni tanzu. Mwanzilishi aliyekubali alilipa mawakili wa nchi mbili kabla hajauza chochote. Aliyekataa alijifungia mlango wa fedha kubwa. Na mlango wenyewe haukuwa wazi sawa kwa wote. Utafiti wa Village Capital uliochapishwa mwaka 2017, ukichunguza mitaji iliyoingia Afrika Mashariki mwaka 2015 na 2016, ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya fedha ilikwenda kwa kampuni zenye angalau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Takwimu hiyo iliwauma wengi Nairobi, na ilistahili kuuma. Haikueleza nani ana wazo bora. Ilieleza nani alisoma na nani, nani anamjua nani, na sauti ya nani inasikika kuwa ya kuaminika katika chumba cha mikutano kilicho mbali na Ngong Road.

Kulikuwa pia na swali la njia ya malipo yenyewe. M-Pesa ilimpa mwanzilishi wa Nairobi kitu ambacho wenziwe wa nchi nyingi hawakuwa nacho: mteja anayeweza kulipa shilingi 50 akiwa popote. M-Kopa ilijengwa juu ya hilo. Nick Hughes, aliyekuwa Vodafone wakati wa kuasisi M-Pesa, na wenzake waliuza taa za sola kwa malipo madogo ya kila siku, yanayokaribiana na kile familia ilichokuwa ikitumia kununua mafuta ya taa. Asiyelipa, taa yake ilizimwa kwa mbali mpaka alipe. Lakini njia hiyo ilikuwa mali ya kampuni moja, na kwa miaka mingi mtengenezaji programu wa kawaida hakuwa na namna rahisi ya kujiunganisha nayo. Pesapal, iliyoanza 2009, na Kopo Kopo, iliyoanza mwaka uliofuata, zilipata riziki katika pengo hilo kwa kuwasaidia wafanyabiashara kupokea malipo. Mwaka 2013 Safaricom ilizindua Lipa na M-Pesa, na kuanzia hapo mwenye barabara akawa pia sokoni. Kopo Kopo ilijitofautisha kwa kuwakopesha wafanyabiashara wake fedha za kurejeshwa kidogokidogo kutoka kwenye mauzo yao, kazi iliyotegemea kuwafahamu kwa karibu. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua mfumo wa Daraja, na kujiunganisha kukawa kazi ya siku chache badala ya miezi. Tanzania nayo ina mfano wake: Nala ya Benjamin Fernandes ilianza kwa kumrahisishia mtumiaji wa simu kutuma pesa hata bila intaneti, kisha ikageukia fedha zinazotumwa nyumbani na walio ughaibuni.

Kasi ya kukua ndiyo iliyogharimu zaidi. Twiga Foods ilianzishwa mwaka 2014 na Grant Brooke na Peter Njonjo kwa nia ya kusafirisha ndizi nje ya nchi. Iligundua kwamba mnunuzi mkubwa yuko hapohapo Nairobi, na ni mama mboga anayeamka alfajiri kwenda sokoni, ikaamua kumpelekea mzigo kibandani. Huo ulikuwa ugunduzi wa kweli, wa aina ileile ya Faulu na Thika. Ila kumfikia kila mama mboga kulihitaji malori, maghala na vyumba vya baridi, na vitu hivyo vilinunuliwa kwa mtaji wa wawekezaji mapema mno kabla ya faida. Mwaka 2021 Twiga ilipata dola milioni 50. Sendy, iliyoanza kwa kuwaunganisha wateja na waendesha bodaboda, ilipanuka hadi malori na maghala, Toyota Tsusho ya Japani ikiwemo miongoni mwa wawekezaji wake. Kwa miaka kadhaa kukua kulikuwa jibu la kila swali.

Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, na fedha iliyokuwa ikitafuta faida mbali ikarudi kwao. Kune, iliyouza chakula kilichopikwa tayari kwa bei nafuu Nairobi, ilifunga Juni mwaka huo. Bei ya sahani haikubeba gharama yake. Twiga ilipunguza wafanyakazi. Sendy ilifunga 2023. Mei 2024 ilikuwa zamu ya Copia, iliyokuwa ikiwapelekea bidhaa watu wa vijijini kupitia mawakala wenye maduka tangu 2013. Nyuma ya kila tangazo kulikuwa na madereva na wapakiaji wa ghalani ambao hawakuwahi kuwa na hisa katika ndoto ile.

Lini kuacha ni swali ambalo halikuwa na jukwaa wala zawadi, na sheria ilikuwa imelitazama mapema kuliko waanzilishi wenyewe. Septemba 2015 sheria mbili zilitiwa saini Kenya kwa pamoja. Sheria ya Kampuni ilimruhusu mtu mmoja kufungua kampuni akiwa mwanahisa na mkurugenzi pekee. Ile ya Ufilisi iliiwezesha kampuni inayozama kuwekwa chini ya msimamizi, ikijaribiwa kuokolewa kabla mali yake haijauzwa kwa wadai. Miaka minane na miezi minane baadaye, Copia ilipita kwenye mlango huo wa pili.