Redio ya Setilaiti Kwenye Gari: Nani Hasa Aliyekuchagulia?

Ukinunua redio ya FM hakuna anayekuuliza unataka kusikiliza kampuni gani. Unaiwasha, unatafuta stesheni, basi. Redio ya setilaiti iliyoingia kwenye magari ya Marekani mwaka wa 2001 haikuwa hivyo. Ilibidi uchague upande: XM au Sirius. Ukishachagua, kifaa chako hakikushika mawimbi ya upande wa pili hata siku moja, ingawa kampuni hizo mbili zilirusha matangazo kwenye masafa yanayopakana kabisa.

Leo tupitie historia hiyo: jinsi wenye magari walivyochagua, jinsi redio zenyewe zilivyofungwa, na kwa nini sisi huku Kenya tuna haki ya kuizungumzia. Naam, sisi pia tulikuwa na setilaiti yetu.

Mnada wa 1997

Tatizo lenyewe unalijua. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, stesheni uliyoanza nayo inafifia njiani na inabidi utafute masafa yake mengine, kama yapo. FM haifiki mbali. Sasa fikiria dereva wa lori anayevuka Marekani kwa siku kadhaa.

Kampuni ya CD Radio ilianzishwa mwaka wa 1990 kutatua hilo. Waanzilishi wake ni pamoja na Martine Rothblatt, mwanasheria aliyebobea katika mambo ya setilaiti, na mhandisi Robert Briskman. David Margolese ndiye aliyekuja kuiongoza na kuitafutia pesa. Mwaka wa 1992 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitenga masafa ya karibu 2.3 GHz kwa kazi hiyo. Wenye stesheni za kawaida walipinga kwa nguvu, na miaka ikapita.

Aprili 1997 leseni mbili zikapigwa mnada. CD Radio ilitoa zaidi ya dola milioni 83. American Mobile Radio ilitoa karibu dola milioni 90. Ya kwanza ilibadili jina mwaka wa 1999 ikawa Sirius, ya pili ndiyo XM. Kila moja ilipata upana wa 12.5 MHz. Linganisha na bendi ya FM ya kuanzia 88 hadi 108, ambayo ni 20 MHz: ndani ya nafasi ndogo kuliko hiyo, kila kampuni iliweza kupakia takriban chaneli 100 za kidijitali.

Kanuni za FCC zilikuwa na kipengele kimoja kizuri sana kwa mnunuzi. Kila mwenye leseni alitakiwa kuhakikisha kwamba mfumo wake una redio inayoweza kushika mifumo yote iliyopewa leseni. Mwaka wa 2000 kampuni hizo mbili zikakubaliana kutengeneza redio ya aina hiyo kwa pamoja. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Mbili angani, tatu angani

Tofauti zilianzia angani. XM ilirusha setilaiti mbili mwaka wa 2001 na kuziita "Rock" na "Roll". Zilikaa juu ya ikweta bila kuonekana kusogea, kama ile setilaiti ambayo dishi lako la DStv huitazama. Lakini gari halina dishi, na Marekani iko mbali na ikweta. Kwa dereva wa miji ya kaskazini setilaiti hizo zilikuwa chini chini kusini, na ghorofa au miti ilitosha kuzikinga. Kwa hiyo XM ilijenga minara mamia mijini ya kurudia mawimbi.

Sirius ilitumia setilaiti tatu, zilizorushwa mwaka wa 2000, katika mzunguko wenye umbo la yai. Kila moja ilikaa kama saa 16 kwa siku upande wa kaskazini wa ikweta, na zilipokezana zamu. Zilipita juu sana angani kwa msikilizaji wa Marekani, kwa hiyo Sirius ilihitaji minara michache zaidi.

Kuna ujanja mmoja ambao waandishi wa programu wataupenda. Mifumo yote miwili ilituma kipindi kilekile zaidi ya mara moja, nakala moja ikichelewa sekunde chache. Redio iliweka ile iliyotangulia kwenye kumbukumbu. Ukipita chini ya daraja na mawimbi yakikatika, ile nakala nyingine inaziba pengo na wewe husikii kitu. Ni wazo lilelile la video ya mtandaoni inayojaza akiba kabla ya kucheza, ila hapa hakuna njia ya kuomba pakiti irudiwe. Setilaiti inasema, haisikilizi.

Tofauti iliendelea hadi kwenye kubana sauti. XM ilitumia aacPlus, Sirius ikatumia PAC, iliyotoka kwa Lucent. Kwa hiyo hata kama antena ingeweza kunasa masafa yote mawili, chipu iliyo ndani ilijua lugha moja tu.

Kuchagua

XM ilianza kurusha Septemba 2001 katika miji ya Dallas na San Diego, kwa dola 9.95 kwa mwezi. Sirius ilichelewa, sababu moja ikiwa chipu zake, ikaanza Februari 2002 kwa dola 12.95. Mnunuzi angeweza kudhani kazi yake ni kulinganisha bei na orodha ya chaneli.

Lakini uamuzi mkubwa ulikuwa umeshafanyika kwenye ofisi za watengenezaji magari. General Motors ilikuwa imeweka pesa XM tangu 1999, na Honda ikajiunga upande huo. Ford, DaimlerChrysler na BMW zilikwenda na Sirius. Magari ya kwanza kutoka kiwandani na XM yalikuwa Cadillac DeVille na Seville za toleo la 2002. Ukipenda Cadillac, umeipenda XM.

Kisha vikaja vipindi. Sirius ilichukua mpira wa Kimarekani wa NFL mwaka wa 2004, XM ikachukua baseball mwaka wa 2005. Oktoba 2004 Sirius ilitangaza kumchukua mtangazaji Howard Stern kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 500, naye akaanza Januari 2006. Shabiki wa michezo yote miwili alihitaji redio mbili, antena mbili na ada mbili.

Kufunga

Kama gari lako halikuja na redio hiyo, ulikuwa na njia kadhaa. Mwaka wa 2002 Delphi ilileta SKYFi ya XM, kifaa kidogo unachokichomoa kwenye gari na kukichomeka nyumbani. Baadaye Sirius ilikuwa na zake, kama Sportster. Kazi ya kufunga ilikuwa na sehemu tatu.

Kwanza, antena. Ilikuwa ndogo, yenye sumaku chini, na mahali pake ni juu ya paa, mbali kidogo na ukingo. Bati la paa lenyewe huisaidia antena kushika mawimbi, na hapo juu hakuna kinachoizuia kuona anga. Waya wake ulipitishwa chini ya raba ya mlango au ya kioo cha nyuma, kisha chini ya zulia hadi mbele. Aliyeiweka ndani juu ya dashibodi alijikuta anapoteza mawimbi kila gari linapogeuka.

Pili, umeme. Wengi walichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, na waliotaka kazi safi waliunganisha kwenye waya wa fyuzi unaowaka ufunguo ukigeuzwa.

Tatu, sauti, na hapa ndipo palipokuwa na shida. Njia bora ilikuwa tundu la kuingiza sauti kwenye redio ya gari, au soketi ya nyuma iliyokusudiwa mashine ya kubadilisha CD. Magari mengi ya wakati huo hayakuwa na tundu hilo. Kaseti bandia yenye waya ilifaa kama gari lilikuwa na sehemu ya kaseti. Iliyokuwa rahisi kuliko zote ni kirushio kidogo cha FM, binamu wa vile vidude vinavyouzwa River Road vya kusikiliza nyimbo za simu kwenye redio ya gari. Unachagua masafa yasiyo na stesheni, redio ya gari inashika.

Vingine vilikuwa na nguvu kupita kiasi. Mwaka wa 2006 FCC ilikuta baadhi ya vifaa vimezidi kiwango, na kampuni zote mbili zikasimamisha kwa muda usambazaji wa baadhi ya aina. Mwaka wa 2008 zilikubali kulipa jumla ya karibu dola milioni 20 kumaliza makosa ya virushio hivyo na ya minara ambayo haikufuata vibali.

Ukimaliza kufunga, redio bado haisemi. Unaisogeza gari mahali pa wazi, unasoma namba ya kitambulisho kwenye kioo cha redio, unaipa kampuni pamoja na kadi yako ya benki, halafu setilaiti inatuma amri ya kuifungulia namba hiyo. Tafakari kidogo hapo. Kifaa umekinunua, umekifunga kwa mkono wako, lakini kinaishi kwa ruhusa.

Na sisi je?

Kabla Mmarekani yeyote hajasikia XM, AfriStar ilikuwa juu yetu. Ilirushwa Oktoba 1998 na kampuni ya WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ikawekwa juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 21 mashariki. WorldSpace ilikuwa pia na hisa katika kampuni iliyozaa XM, kwa hiyo hawa ni ndugu wa damu.

Lengo la Samara lilikuwa habari na elimu kwa Afrika na Asia, na matumizi yalionekana. Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ambayo leo ni KICD, ilipitisha vipindi vya redio vya shule kupitia WorldSpace. Shule iliyo mbali na mnara wowote wa FM ilipata sauti safi.

Lakini haikuwa redio ya gari. Antena yake bapa ililazimika kuelekezwa kwa setilaiti, ambayo hapa Nairobi iko juu sana, upande wa magharibi. Hakukuwa na minara ya kurudia mawimbi. Vipokezi vilitengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, majina makubwa, kwa hiyo mnunuzi alijiona salama.

Oktoba 2008 WorldSpace ilikimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mwisho wa 2009 ilifunga huduma yake India, kulikokuwa na wateja wake wengi. Redio nzima, spika nzima, skrini inawaka, lakini hakuna mtangazaji mwingine ambaye kifaa hicho kingeweza kumsikia kupitia setilaiti. Jina kubwa lililoandikwa mbele halikusaidia kitu.

Ndoa ya lazima

XM na Sirius ziliponea chupuchupu. Zilitangaza kuungana Februari 2007, na Julai 2008 FCC ikaridhia. Siku ndoa inatangazwa, miaka kumi baada ya mnada, ile redio ya kushika pande zote mbili haikuwa imefika dukani. Mapema 2009 Sirius XM ilikaribia kufilisika, ikaokolewa na mkopo wa dola milioni 530 wa Liberty Media.

Baada ya kuungana, kampuni moja iliendelea kuendesha mifumo miwili bega kwa bega. Mamilioni ya magari barabarani yalijua lugha moja tu kati ya hizo mbili, na huwezi kuita magari yote gereji kubadilisha chipu. Gharama iliyokwepwa mwanzoni ililipwa kwa miaka mingi, na mlipaji wa mwisho wa gharama kama hizo ni yule mwenye ada ya kila mwezi.

Hapa kwetu somo hili tunalo tayari kwenye dashibodi. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani yalikuja na redio za FM zinazoanzia 76 na kuishia 90, na stesheni nyingi za Kenya ziko juu ya hapo. Tofauti ni kwamba FM ni mfumo wazi: fundi anakufungia kifaa kidogo cha kushusha masafa, au unabadilisha redio nzima kwa bei unayoimudu, na huombi ruhusa ya mtu. Mwenye kipokezi cha WorldSpace hakuwa na fundi wa kumwendea.

Magari ya sasa yanakuja na laini ya simu ndani, ramani na miziki ya kulipia kwa mwezi. Kabla hujalipa, uliza maswali mawili. Je, kifaa hiki kinaweza kutumia huduma ya mtu mwingine? Na kampuni ikifungwa kesho, kitabaki kikifanya nini? Jibu likiwa "hakuna", hilo nalo liingize kwenye bei.