Mizani ya Sentensi

Mizani ni neno la wachuuzi na la washairi. Katika mwalo wa Kirumba, Ilemela, hupima dagaa na sangara. Katika utungo huhesabu silabi za kila kipande. Kiingereza nacho kina mizani yake: maneno yaungwayo pamoja katika sentensi sharti yawe ya umbo moja, nomino kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi, kishazi kwa kishazi. Kanuni hii huitwa usambamba.

Mwanafunzi wa ufukwe huu aandikapo “He likes fishing, swimming and to sing”, husahihishwa kwa wino mwekundu, akadhaniwa hana mpango wa fikra. La, hasha! Kwa Kiswahili angalisema kuvua, kuogelea na kuimba, na sentensi yake isingalikuwa na ila. Kiambishi ku- kimoja hubeba kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kwa maumbo mawili. Kosa lake si kukosa mizani, bali ni kuyadhani mawili hayo kuwa kitu kimoja.

Historia yaeleza kwa nini kosa hili humngoja mlangoni mwa sekondari. Kabla ya 1967 Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu ya shule za msingi za Tanzania Bara. Baadaye Kiswahili kikatwaa elimu ya msingi yote. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilishauri Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini ushauri huo haukutekelezwa.

Walakini daraja lilikwisha jengwa. Mwaka 1963 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mashariki ya Ziwa, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, akaitoa tena mwaka 1969 baada ya kuisahihisha. Humo Brutus ahutubia kwa nathari ya vishazi vilivyolingana: kila sababu hufuatwa na tendo lake, hata tendo la mwisho likawa ni kuua. Raia wa Roma wavutwa na mizani kabla ya kuzipima hoja. Afasiriye hotuba hiyo hana budi kupima kishazi kwa kishazi katika lugha zote mbili.

Basi mwalimu na aanzie nyumbani: amwonyeshe mwanafunzi usambamba alio nao tayari, kisha amfunze maumbo mawili ya Kiingereza. Na amwonye pia kwamba mizani kukaa sawa si ushahidi kuwa bidhaa ni njema.