Somo la uraia: tuliimba chama, watoto wetu wasome Katiba

Asubuhi watoto wakijipanga mistari mbele ya bendera, sisi tuliosoma wakati wa Zaire tunakumbuka mistari yetu. Tulichoimba kilikuwa kingine.

Wakati wa Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni. Mtoto alijifunza dini, kusoma, hesabu na kumtii mkubwa. Uraia ungefundishwa vipi, na baba yake hakuwa na kura? Uchaguzi wa kwanza wa manispaa ulifanyika Desemba 1957 katika miji mitatu tu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Kindu haikuwemo. Miaka miwili na nusu baadaye, 30 Juni 1960, tukaambiwa tuko huru.

Mobutu aliunda MPR mwaka 1967, na mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire. Kisheria kila Mzaire alikuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Shuleni tuliimba, tulicheza, tulipiga makofi, tulifanya salongo. Neno “citoyen” lilikuwa mdomoni kutwa, sababu “monsieur” lilikatazwa. Lakini raia ana haki gani, hilo hakuna aliyetuambia. Chama kimoja kilikwisha tarehe 24 Aprili 1990, na nyimbo zile zikaanza kusahaulika. Mazoea ya kunyamaza yalibaki.

Katiba ya 18 Februari 2006 iligeuza jambo hilo. Kipengele cha 45 kinaidai serikali ifundishe Katiba yenyewe. Yaani mwenye madaraka ameamriwa amwonyeshe mtoto mipaka ya madaraka yake! Kipengele cha 43 kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Bure hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019, miaka 13 baadaye, na katika miaka hiyo yote watoto walikuwa wakifukuzwa darasani kwa ajili ya minervali. Ni wazazi wangapi walijua kwamba Katiba iko upande wao?

Kwa familia zilizohama, kipengele cha 30 ni cha kushika moyoni: Mkongomani anaweza kutembea na kukaa popote nchini, na hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha kuishi mbali na kwake. Mtoto aliyetoka Kivu, akikaa benchi moja na mtoto wa Kindu, si mgeni wa kuhurumiwa. Wenzake wajue hivyo, naye ajue.

Hata asipokuwa na kitabu, mwalimu anaweza kuandika ubaoni kipengele cha 27: Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kuiandikia serikali ombi, ijibu ndani ya miezi mitatu, na asishitakiwe kwa kuandika. Pale Alunguli, ambako watu wanavuka mto kwa mtumbwi ili kufika Kasuku, darasa la mwaka wa 5 haliwezi kukosa la kuandika. Barua iende kwa bourgmestre, tarehe ibaki ubaoni, na watoto wahesabu siku.