Kula Hotelini Maryland: Upper Marlboro na Historia ya Haki ya Kuketi Mezani

Msamiati wa Kiswahili kuhusu kula nje ya nyumbani umebeba historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mkahawa umetokana na kahawa, kinywaji kilichowakutanisha watu barazani na sokoni katika miji ya pwani. Hoteli imekopwa kutoka Kiingereza, lakini mtu wa Nairobi au Dar es Salaam akisema amekula hotelini, hamaanishi kwamba amelala huko. Mama ntilie amepata jina lake kutokana na ombi la mteja mwenyewe, “nitilie”, na jina hilo limedumu hata baada ya wengi kuanza kumwita mama lishe. Maneno yote hayo yanachukulia kwamba mwenye njaa na fedha anaruhusiwa kuketi. Wakati wa ukoloni dhana hiyo haikuwa kweli kila mahali. Hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliyeziingia aliziingia kupitia mlango wa jikoni. Kwa hiyo, historia ya migahawa ni zaidi ya historia ya ladha. Ni historia ya kujua ni nani aliyehesabiwa kuwa mgeni, na nani aliyehesabiwa kuwa mtumishi.

Mji mdogo wa Upper Marlboro, makao makuu ya Kaunti ya Prince George’s katika jimbo la Maryland, unafaa kusomwa kwa swali hilo. Mji wenyewe una wakazi wasiofikia elfu moja, ingawa jina lake hutumika katika anwani za posta za vitongoji vingi vilivyo nje ya mipaka yake. Upo mashariki ya Washington, katika nchi ambayo leo inakaliwa na Wamarekani Weusi wengi wa tabaka la kati, pamoja na wahamiaji kutoka Afrika Magharibi, Afrika Mashariki, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati. Mtu anayeingia katika mgahawa wa kaunti hiyo Jumapili mchana, baada ya ibada, huona familia nzima mezani na hafikirii kwamba jambo hilo lilihitaji kupiganiwa.

Mji ulianzishwa mwaka 1706, ukapewa jina la jemadari wa Kiingereza, Mtawala wa Marlborough. Mwaka 1721 ukawa makao ya mahakama ya kaunti. Mambo mawili yaliufanya uwe mahali pa kula nje: mahakama na tumbaku. Siku za vikao, wakulima, mawakili, mashahidi na wadaiwa walimiminika mjini, nao walihitaji chakula, kinywaji na pa kulala. Nyumba za wageni ziliendeshwa kwa leseni ya mahakama, na mahakama hiyo hiyo ndiyo iliyopanga bei za chakula na vinywaji. Tumbaku nayo ilisafirishwa kupitia kijito kinachoingia katika Mto Patuxent, na kutoka huko kwenda Uingereza.

Tumbaku hiyo ililimwa na watumwa. Kufikia sensa ya mwaka 1860, zaidi ya nusu ya wakazi wa Prince George’s walikuwa watumwa. Utajiri uliolipia meza za mjini ulitoka mikononi mwao, na mara nyingi mikono hiyo hiyo ndiyo iliyopika, iliyopakua na iliyoosha vyombo. Mapishi yanayosifiwa leo kuwa ya kusini mwa Maryland, yaani nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, mboga za majani zilizochemshwa kwa muda mrefu, samaki na kaa wa Ghuba ya Chesapeake, yalipitia katika majiko yao. Waliyajua mapishi hayo kuliko waliokuwa wakihudumiwa, lakini hawakuwa na kiti.

Ukarimu wa mji huo uliwahi kuingia katika historia ya taifa kwa njia ya ajabu. Agosti 1814, jeshi la Uingereza lilipokuwa likielekea kuichoma Washington, lilipita Upper Marlboro. Tabibu mmoja mashuhuri wa mjini, Dakta William Beanes, alimpokea Jenerali Robert Ross nyumbani kwake. Jeshi liliporudi, Beanes alishiriki kuwakamata askari wa Kiingereza waliokuwa wamebaki nyuma. Waingereza waliona kwamba mwenyeji wao amewageuka, wakarudi na kumchukua mateka. Wakili Francis Scott Key alitumwa kuomba aachiliwe, na akiwa katika safari hiyo alishuhudia ngome ya Fort McHenry ikipigwa mizinga Septemba ya mwaka huo. Mashairi aliyoyaandika baadaye yakawa wimbo wa taifa wa Marekani. Simulizi hiyo husimuliwa kwa fahari, na inawahusu wenyeji na wageni waliotambuana kuwa waungwana hata walipokuwa vitani. Waliopika katika nyumba za namna hiyo hawatajwi.

Maonesho ya kilimo ya kaunti, ambayo kwa mapokeo huhesabiwa kuanzia mwaka 1842, ni tamasha jingine lililozaliwa katika enzi ya utumwa. Leo hufanyika Upper Marlboro, katika viwanja vilivyokuwa vya mbio za farasi. Wanyama huoneshwa, keki na jamu hushindanishwa, na watu hula wakitembea. Utumwa ulikomeshwa Maryland tarehe 1 Novemba 1864 kwa katiba mpya ya jimbo, lakini tumbaku iliendelea kuutawala uchumi kwa zaidi ya karne moja. Maghala ya mnada ya Upper Marlboro yaliendelea kuvuta wakulima na wanunuzi hadi serikali ya jimbo ilipoanza kuwalipa wakulima waache zao hilo, mwanzoni mwa karne ya 21.

Kati ya kukoma kwa utumwa na kukoma kwa tumbaku kulikuwa na kipindi kirefu cha ubaguzi wa rangi mezani. Washington yenyewe ilikuwa na sheria za mwaka 1872 na 1873 zilizoikataza migahawa kumnyima huduma mteja mwenye adabu kwa sababu ya rangi yake. Sheria hizo hazikufutwa. Zilisahauliwa tu, na kusahauliwa huko kukawa na nguvu kama sheria. Januari 1950, Mary Church Terrell, mwalimu na mwanaharakati aliyekuwa na umri wa miaka 86, aliingia pamoja na wenzake katika mgahawa wa Thompson’s katikati ya mji akakataliwa chakula. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 8 Juni 1953 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria zile za kale zilikuwa bado hai. Siku chache baadaye Terrell alirudi mgahawani, akahudumiwa.

Uamuzi huo uliishia kwenye mpaka wa Washington. Aliyevuka na kuingia Maryland aliingia katika utaratibu mwingine, na hapo ndipo historia hii inapokutana na ya Afrika moja kwa moja. Mwaka 1960 nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, na mabalozi wao wakawa wanasafiri kwa gari kati ya Umoja wa Mataifa, New York, na ikulu ya Washington. Njia yao ilikuwa Barabara Namba 40, inayopita kaskazini mashariki mwa Maryland, na iliyojaa migahawa ya wasafiri. Juni 1961, Adam Malick Sow, balozi wa Chad, alisimama katika mgahawa mmoja mjini Edgewood akiwa njiani kwenda kukabidhi hati zake kwa Rais Kennedy. Alinyimwa huduma. Mhudumu aliyemkataa alijitetea baadaye kwamba hakuweza kumtambua kuwa ni balozi; alimwona kama mtu mweusi wa kawaida tu.

Utetezi huo unaeleza zaidi ya mashtaka. Haukusema kwamba kumkatalia chakula mtu mweusi ni kosa. Ulisema kwamba mtu mweusi huyu hakuwa na alama ya kumtofautisha na wengine. Serikali ya Kennedy, iliyokuwa ikishindana na Urusi kwa ajili ya urafiki wa mataifa mapya, ilituma maofisa wa itifaki kuwabembeleza wenye migahawa. Mwanzoni ombi lao liliwahusu zaidi wanadiplomasia. Raia weusi wa Maryland waliona mara moja kasoro iliyokuwa ndani yake. Agosti 1961, waandishi watatu wa gazeti la Afro-American la Baltimore walivaa mavazi ya kifahari na kujifanya wajumbe wa nchi isiyokuwepo, waliyoiita Goban. Baadhi ya migahawa iliwakataa, lakini mingine iliwakaribisha kwa heshima. Watu wale wale, wakivaa suti zao za kila siku na kuzungumza kwa lafudhi yao ya nyumbani, wasingekaribishwa.

Kisa cha Goban huchekesha, lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliye ughaibuni kinapaswa kuuma. Kinaonesha kwamba kulikuwa na njia ya kuingia mlangoni kwa sababu ya ugeni, na si kwa sababu ya usawa. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Wanadiplomasia na wanafunzi kutoka nchi hizo walifika Marekani wakati Mwafrika mwenye vazi la kwao angeweza kusamehewa weusi wake. Kuukubali msamaha huo kulikuwa rahisi, na gharama yake ililipwa na Mmarekani Mweusi aliyeachwa nje.

Waliokataa suluhisho hilo ndio walioifungua milango. Wanaharakati wa usawa, weusi kwa weupe, walitishia kuijaza Barabara Namba 40 kwa waandamanaji mwishoni mwa 1961, na makumi ya migahawa ikabadili msimamo kabla ya maandamano. Mwaka 1963 bunge la Maryland lilipitisha sheria dhidi ya ubaguzi katika migahawa na hoteli, ingawa liliziacha nje kaunti kadhaa. Mwaka uliofuata sheria ikapanuliwa. Julai 1964 Rais Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia iliyoihusu nchi nzima. Tangu hapo hapakuwa tena na haja ya kumuuliza mteja mweusi anatoka nchi gani.

Kufunguliwa kwa milango hakukumaliza habari. Kuanzia miaka ya 1970, familia nyingi za Wamarekani Weusi zilihama kutoka Washington kwenda Prince George’s, na familia nyingi za Wazungu zikahama kaunti hiyo. Kufikia sensa ya 1990, weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, na kaunti ikajulikana kuwa miongoni mwa maeneo ya weusi yenye kipato kikubwa zaidi nchini. Hata hivyo wakazi wake walilalamika kwa miongo kadhaa kwamba migahawa yenye wahudumu na vitambaa mezani haikuja kwao, ilhali ilijaa katika kaunti za Wazungu zenye kipato kama chao. Walichopata kwa wingi ni chakula cha haraka cha kununua dirishani. Mwaka 2003 kituo kikubwa cha maduka na migahawa kilifunguliwa Largo, mahali palipokuwa na ukumbi wa michezo wa Capital Centre. Kilipokelewa kwa shangwe, kikanawiri, kikafifia, kikabomolewa, na mwaka 2021 hospitali ikafunguliwa katika eneo hilo. Hakuna sheria iliyowakataza watu hao kuketi mezani. Meza yenyewe ndiyo iliyokataa kuwafuata.

Pengo hilo halikuzibwa na kampuni kubwa peke yake. Lilizibwa pia na wahamiaji. Waethiopia walitangulia: Mamma Desta, mgahawa uliofunguliwa Washington mwaka 1978, ulifuatwa na mingine mingi, hasa baada ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980, hadi injera ikawa chakula cha kawaida cha mji mkuu. Ndani ya Prince George’s, mjini Beltsville, Mkenya Kevin Onyona alianzisha Swahili Village, ambapo ugali, sukuma wiki na nyama choma viliwekwa mezani bila kubadilishwa majina. Baadaye mgahawa huo ulipata tawi katika Mtaa wa M mjini Washington. Mwaka 2014 Kenya ilialikwa katika tamasha la utamaduni la Smithsonian, lililofanyika katikati ya Washington, na mada yake ikaandikwa kwa Kiswahili cha mitaani, Mambo Poa. Wakati wa kiangazi, jumuiya za Waafrika Mashariki hukodi mabanda katika bustani za umma, wakapika pilau na kuchoma nyama, na jirani aliyevutiwa na harufu hukaribishwa.

Wateja wa migahawa hiyo si Waafrika Mashariki peke yao. Wengi ni Wamarekani Weusi, wajukuu wa watu waliopika bila kuketi, na watoto wa watu waliokataliwa katika Barabara Namba 40. Mwenye mgahawa anayetoka Mombasa au Mwanza anaweza kudhani kwamba yeye ndiye mwenyeji na wao ndio wageni. Katika mpangilio wa siku moja ni kweli. Katika mpangilio wa historia ni kinyume chake, kwa kuwa leseni yake, kiti anachokodisha na haki ya mteja wake kuingia bila kuulizwa vilipiganiwa na wazee wa wateja hao kabla yeye hajapata viza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waafrika Mashariki wa Maryland wameshapita siku ya tatu, na sehemu ya jembe lao ni kuijua historia hii na kuwasimulia watoto wanaowapeleka kula ugali Jumapili, ili wasije wakaamini kwamba mlango ule ulifunguka wenyewe walipofika.