Triumviri: Asili ya Neno na Matumizi Yake

Wanafunzi wanaosoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere, hutuuliza: je, Antonius, Octavius na Lepidus walikuwa na cheo gani? Vitabu vya historia huwaita triumviri. Katika makala haya tunaeleza asili ya neno hilo.

Katika Kilatini, tres ni 'tatu' na viri ni 'wanaume', umoja wake vir. Umbo la zamani lilikuwa tresviri, 'wanaume watatu'. Ugumu ulitokea pale alipotajwa mmoja wao, kwani mtu mmoja haitwi 'watatu'. Basi kutokana na trium virum, yaani 'wa wanaume watatu', likaundwa jina la umoja triumvir, na baadaye wingi mpya, triumviri. Vivyo hivyo kulikuwa na duumviri, wawili, na decemviri, kumi. Yalikuwa majina ya kawaida ya kamati za serikali. Hata wasimamizi wa uchapaji wa sarafu walikuwa watatu.

Hapa tunapenda kusahihisha kosa moja. Mapatano ya Caesar, Pompeius na Crassus ya mwaka 60 K.K. huitwa 'Triumvirati ya Kwanza', lakini Warumi hawakuyaita hivyo. Yalikuwa makubaliano ya faragha, bila sheria yoyote. Cheo chenyewe kilitolewa Novemba 43 K.K., sheria ilipowapa Antonius, Lepidus na Octavianus (ndiye Octavius wa tamthilia) mamlaka ya miaka mitano ya 'kuiweka sawa jamhuri'.

Maneno mazuri, matendo mabaya. Waliandika orodha ya watu wa kuuawa, na Cicero akauawa Desemba 7 mwaka huohuo. Lepidus alikubali kaka yake aorodheshwe, Antonius mjomba wake. Wawili hao walisalimika. Katika tamthilia, Shakespeare amemgeuza mjomba kuwa mpwa.

Mwaka 36 K.K. Octavianus alimwondoa Lepidus, na mwaka 31 K.K. akamshinda Antonius huko Actium. Watatu wakabaki mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza darasani tuseme 'mapatano ya watu watatu' kwa mwaka 60 K.K., na 'utawala wa watu watatu' kwa mwaka 43 K.K. Tukitumia jina moja kwa yote mawili, mwanafunzi hataona tofauti kati ya njama ya faragha na mauaji yaliyofanywa kwa mhuri wa sheria.